Kipimo cha FISH cha kromosomu hapa Dar: majibu chap, maelezo hakuna

Nawapa nyota tatu na wala siwaonei. Ni maabara binafsi moja hapa mjini, jina naliacha, tulimpeleka mtoto wa mdogo wangu kupima FISH baada ya dokta wa watoto kuhisi ana Down, ile hali ya kuzaliwa na kromosomu 21 ya ziada (kromosomu ni vifurushi vya DNA ndani ya seli).

Mapokezi poa, AC ipo, mdada aliyetoa damu ana mkono mwepesi mpaka katoto hakakulia sana, damu ikaingia kichupa cha kifuniko cha kijani, kile chenye heparini ya kuzuia damu isigande, sampuli ikapelekwa nje ya nchi. Bei imechangamka na bima iligoma kabisa.

Kwa wasiojua, FISH wanatumia kipande cha DNA kinachofanana na sehemu ya kromosomu wanayoitafuta, kimetiwa rangi inayong'aa, wanapasha moto DNA ya mgonjwa nyuzi zake mbili ziachane, kile kipande kinanasa palepale panapofanana nacho, alafu wanahesabu doti kwenye hadubini gizani. Kwa kromosomu 21 kawaida ni doti mbili kila seli, ketu kana tatu. Seli hazihitaji kuoteshwa kwanza ndo maana sampuli ikishafika kule siku mbili majibu tayari, hapo nawavulia kofia.

Sasa kilichoniudhi, mdogo wangu kauliza je mimba ijayo itakuwaje, akajibiwa "mama, majibu ndo hayo." Kumbe zile doti tatu hazikuambii hiyo ya ziada imekaa wapi! Wengi, kama 95 kwa 100, wana kromosomu 21 nzima imesimama peke yake, ila kama 3 au 4 kwa 100 imejiunga na nyingine, mara nyingi ya 14, na hapo mzazi anaweza kuwa kaibeba yeye mwenyewe mzima wa afya na ikajirudia kwa mtoto mwingine. Hiyo unaiona kwenye kariotaipu, wanaotesha seli na kupanga kromosomu zote moja moja, wiki moja mbili hivi. Na damu ileile ya heparini ingetosha vipimo vyote viwili jamani, hakuna aliyesema, katoto kakachomwa upya.

Kwa leukemia (saratani ya damu) ile ya kromosomu 9 na 22 kubadilishana vipande FISH inafaa sana, maana wanajua kabisa wanatafuta nini. Ila kama ni Down na dokta kaandika FISH tu, muulize kariotaipu kabla hujalipia. Parking hamna, nendeni na bajaji.