Nimeitazama sehemu ya kwanza ya The Mary Tyler Moore Show, na usaili ule bado unanichekesha

Ni kichekesho cha zamani cha televisheni ya Marekani, na niende moja kwa moja kwenye usaili, maana ndio ulionifanya niiazime DVD ya msimu wa kwanza kwa rafiki yangu, na hadi leo sijairudisha. Mary Richards (anachezwa na Mary Tyler Moore mwenyewe), mwanamke wa miaka 30, amehamia mji wa Minneapolis baada ya uchumba kuvunjika, na anaomba kazi ya ukatibu muhtasi katika chumba cha habari cha kituo cha televisheni cha WJM. Bosi, Lou Grant, anamwambia nafasi hiyo imeshapata mtu. Ila ipo nyingine, ya mtayarishaji msaidizi. Hajaieleza hata kidogo, ameshaanza kuchimba: una miaka mingapi? Dini gani? Mary, kwa adabu zake zote, anamwambia sheria hairuhusu kumuuliza hivyo mtu anayeomba kazi. Lou anataka kujua kama aitiwe polisi. Hapana. Haya, umeolewa? Na Mary, kwa kubabaika, analijibu swali lililopita: Mpresbiteri.

Hapo nilirudisha nyuma nikatazama tena. Bosi wa aina hiyo tunamjua. Wa kwetu angeuliza na mumeo anasemaje. Mary hatoi hotuba. Anajikaza tu, anamwambia maswali yake ni ya mambo binafsi mno na hayahusiani na kazi. Lou anamkazia macho, anamsifu kwa uthubutu wake. Binti wa watu anaanza kutabasamu, na tabasamu halijakolea bosi anamaliza: uthubutu anauchukia! Ed Asner, anayemcheza Lou, hachezi mchekeshaji pale, anacheza bosi, na ndiyo maana kichekesho kinakaa.

Kisha mshahara. Utayarishaji msaidizi unalipa dola 10 pungufu kwa wiki kuliko ukatibu. Lou anaongeza kwamba akiweza kuishi kwa pungufu ya dola 15, atampa utayarishaji kamili. Mary anapiga hesabu na kusema usaidizi ndio anaoumudu. Waliowahi kupewa cheo badala ya pesa watacheka kwa uchungu.

Nyumbani kwa Mary nako kuna vita. Jirani yake Rhoda, aliyechezwa na Valerie Harper, anaonekana mara ya kwanza akiwa nje ya dirisha, anasafisha vioo vya chumba ambacho anaamini ni chake. Mkali kwelikweli. Walipojaribu kipindi mbele ya watazamaji, wengi hawakumpenda. Dawa iliyopatikana ilikuwa ndogo mno: mtoto Bess, binti wa Phyllis mwenye nyumba, aliongezewa maneno ya kusema kwamba anti Rhoda anafurahisha sana ila mama hampendi. Mtoto akishampitisha, na wewe unampitisha. Nilipotazama mara ya pili nilikuwa naisubiri sentensi hiyo tu, na kweli baada yake ukali wa Rhoda unageuka utani.

Panaponilegezea ni kwa Bill, yule mchumba daktari. Waandishi, James L. Brooks na Allan Burns, walitaka Mary awe ameachika. CBS, mtandao wa televisheni uliokirusha kipindi, wakakataa, kwa hofu kwamba watu wangedhani amemwacha mwigizaji Dick Van Dyke, kwa kuwa Mary Tyler Moore alikuwa ameigiza mkewe kwa miaka mitano katika kipindi kingine. Ndipo ukaja uchumba uliovunjika, na Bill anaingia na maua aliyompokonya mgonjwa, mtu ambaye hata dakika moja hukuwa na shaka kwamba ataachwa. Kinachookoa ni Lou, aliyefika usiku amelewa, mke wake kasafiri na amemkumbuka. Anakaa kwenye taipureta ya Mary kumwandikia barua wakati wenzake wanataka kuagana. Bill akiondoka anamwambia Mary ajitunze. Mary anamjibu kwamba anadhani ndivyo alivyofanya sasa hivi. Hapo, kusema kweli, nilimsamehe hata Bill.

Lalamiko lingine: chumba cha habari hakina habari. Murray, mwandishi wa habari, yupo na taipureta yake, Ted Baxter, mtangazaji, yupo na sauti yake nzito, lakini hakuna anayekimbizana na taarifa ya jioni. Ukiwa mwanahabari utauliza hawa watu wanatangaza nini.

Sehemu hii ilirushwa 19 Septemba 1970, na kipindi kikaenda misimu 7 hadi 1977. Wanazungumza haraka, kwa hiyo washa maandishi ya Kiingereza kama sikio lako halijazoea, na punguza sauti kidogo, vicheko vya watazamaji wa studio vinapasua. Usimhukumu Ted kwa dakika chache anazopewa hapa. Endelea naye sehemu mbili tatu mbele, utakuta ndiye unayemsubiri.