Ngao ya Kutoonekana: Inachoficha na Isichoficha

Ngao niliyoiagiza mtandaoni kwa ajili ya somo la fizikia ni bamba la plastiki angavu, na ukilipapasa utahisi matuta membamba yaliyopangana wima toka juu hadi chini. Kila tuta ni lenzi inayotawanya mwanga kulia na kushoto, hivyo mwanga mchache utokao kwa mtu aliyejibanza nyuma yake humezwa na mwanga mwingi wa mandhari iliyo pande zake mbili.

Tuliijaribu ufukweni, ambako mchanga, bahari na anga vimelala kwa mistari ya mlalo. Mwanafunzi aliyechutama hatua moja nyuma ya bamba alitoweka kweli, na wenzake wakashangilia kuliko nilivyowahi kuwasikia katika kipindi chochote cha mwanga. Alipolisogelea hadi kuligusa alionekana kama kivuli. Alipotanua mikono, mikono ilionekana. Mbele ya minazi hila yote iliharibika, kwa kuwa mashina nayo yalitoweka, likabaki pengo lililomtangaza.

Ninachomlaumu muuzaji ni kuihusisha bidhaa yake na utafiti wa maabara wa kuficha vitu, ambao ni jambo jingine kabisa. Mwaka 2006 mwanafizikia John Pendry wa Imperial College London na wenzake walionyesha kwa hesabu kwamba mawimbi yanaweza kuongozwa yakazunguka kitu na kuungana tena ng'ambo, mfano wa maji ya mto yapitapo jiwe. Mwaka huohuo, kundi la David Smith katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, lilificha silinda ya shaba kwa njia hiyo, lakini kwa mikrowevu, aina ya mawimbi ya redio yenye urefu wa sentimita kadhaa. Wimbi la mwanga tunaouona halifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita, na vijenzi vya kuliongoza sharti viwe vidogo zaidi ya hapo.

Kilicho karibu na darasa letu ni kifaa cha kuficha vitu cha Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, cha mwaka 2014, chenye lenzi nne za kawaida, ambacho wabunifu wake walifikiria kingeweza kumsaidia daktari mpasuaji kuona kilichozibwa na mkono wake.

Kwa mwalimu, bamba dogo linatosha. Asimamishe penseli nyuma yake mpaka itoweke, kisha aligeuze bamba ili matuta yalale: penseli itarudi, na penseli iliyolazwa ndiyo itakayopotea.