Fundi wa medali Mchangani, kama una nishani za mzee wako mpelekee huyu

Kwa wale wenye medali za wazee wao zimekaa kwenye sanduku na hawajui wazipeleke wapi, kuna fundi pale Mchangani, mlango mdogo tu, mbele anashona sare na ndani ndo anapanga medali na kuzitia fremu. Mi nilimpelekea za babu mzaa baba, alikuwa Keya (KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki) akapigana Burma, Myanmar ya leo, na nasema wazi kazi yake nimeikubali.

Kitu cha kwanza alichouliza si pesa, ni karatasi. Kitabu chake cha jeshi unacho? Ninacho, kimeliwa na mende pembeni lakini tarehe zinasomeka. Anauliza kwa sababu nyota, yaani zile medali zenye umbo la nyota za Vita vya Pili vya Dunia walizotoa Waingereza, hazikuandikwa jina nyuma, kwa hiyo ukiitizama huwezi kujua ni ya babu yako au ya mtu mwengine kabisa, karatasi ndo inayosema. Duka jengine nilikopita mwanzo walitaka kuisugua mpaka ing'are na kuchonga jina nyuma, hata kikosi chake hawakuuliza!

Tena ami alikuwa kashikilia tuongeze na Africa Star, nyota ya vita vya Afrika, kapata ya kununua, anasema baba yangu askari wa Afrika vipi akose. Fundi akafungua kitabu akamwekea kidole pale pale, kaandikishwa Agosti 1943. "Sheikh wangu, hii ya waliotumika kuanzia 10 Juni 1940 mpaka 12 Mei 1943, mzee kaingia muda ushapita. Siitii." Ami alinuna, na pesa ilikuwa mezani, lakini jamaa hakutetereka. Hapo ndo nilipompenda. Maana babu medali zake mwenyewe anazo na kazitolea jasho: War Medal ilitaka siku 28 za utumishi, 1939-45 Star kwa kawaida miezi 6 ya kazi ya vitani, na Burma Star kwa askari wa nchi kavu ukishaingia vitani kule kati ya 11 Disemba 1941 na 2 Septemba 1945 ni yako. Mtu kaenda na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki mpaka mto Chindwin 1944, umtilie na asichokipata cha nini? Ni kumzulia marehemu.

Na macho anayo. Utepe wa 1939-45 Star una buluu iliyoiva, nyekundu na buluu ya mbingu, yaani wanamaji, jeshi la nchi kavu na wa anga, na sisi miaka yote tumeutundika kinyume. Ile buluu iliyoiva inatakiwa ikae mbali na bega la kushoto. Akautoa, akatia mpya wa milimita 32, akashona kwa mkono mishono midogo midogo huioni mpaka uinamie. Akatwambia pia kwa desturi ya Waingereza sisi wa ukoo tukizivaa siku ya kumbukumbu tuzivae kifua cha kulia, kushoto ni kwa aliyetunukiwa mwenyewe.

Siku ya kuchukua nilimkuta kijana wa JWTZ karudi Lebanon na medali ya UN, ile inayotaka siku 90 za misheni, anataka ya pili kwa vile kakaa muda mrefu. Akaelezwa taratibu kwamba misheni ile ile hupewi medali nyengine, unawekewa namba juu ya utepe. Kijana karidhika.

Kasoro zipo. Anachelewa sana, akisema wiki we jipange kwa zaidi, na anataka cash tu. Kioo cha fremu kinametameta mno, ukitundika mbele ya dirisha huoni kitu, mwambieni mapema akutafutieni kisichorudisha mwanga. Bei 85,000 pamoja na tepe zote, mi naona halali yake. Ijumaa mchana kafunga, na msende bila ya karatasi maana hata kuzishika hazishiki.