Semina ya viongozi wa makusanyiko, Katindo: Jumamosi nne kwa dola kumi

Mimi ni shemasi wa kusanyiko moja la Kiprotestanti huku Ndosho, mjini Goma. Siku za kazi nauza vitenge soko la Virunga. Mama wenzangu wawili wameniuliza kama semina ile ya uongozi inafaa pesa yake, maana kundi la pili linaandikishwa na dola kumi leo si kitu cha kutoa bila kufikiri. Nikaona heri niandike kwa wote. Walio Goma wataijua: ni ile ya Jumamosi nne, kwenye ukumbi wa shule kule Katindo, ya wachungaji, wazee wa kanisa, mashemasi na viongozi wa vikundi vya mama na vijana.

Jibu langu ni kwamba inafaa, nendeni. Lakini kuna mambo yaliyoniuma, na hayo pia nitayasema.

Nilikwenda bila matumaini makubwa. Tangu volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002, mji huu umeona semina za kila aina. Unapewa kalamu na soda, mnapiga picha ya pamoja, unarudi nyumbani na maneno makubwa, na Jumapili hujui uyaanzie wapi. Hii ilianza tofauti. Tulipomaliza kuomba, mwalimu aligawa karatasi nyeupe. Hakutaja maono wala karama. Alisema: andikeni nyumba kumi za washiriki wenu, na mbele ya kila nyumba andikeni walilala wapi usiku wa kuamkia leo.

Ukumbi ulikuwa na watu 38. Ulinyamaza ukasikia magari ya barabarani.

Mimi niliandika nyumba nne. Ya tano nikaandika jina la mama mmoja mzee aliyekuwa anakaa benchi la tatu, upande wa dirisha. Kalamu ikasimama. Sikuwa nimemwona tangu vita vilipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, na sikuwa nimemuuliza mtu yeyote habari zake. Mzee aliyekaa kando yangu, miaka 19 katika baraza la wazee la kanisa lake, alikuwa ameandika nyumba mbili. Alikunja karatasi yake na kufuta macho kwa kiganja.

Kwa karatasi ile moja dola zangu kumi zilikuwa zimerudi. Sisi wa Goma tumetawanywa mara nyingi mno. Mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, ikachukua hata kanisa kuu la Wakatoliki la Mtakatifu Yosefu. Julai 2019 mgonjwa wa kwanza wa Ebola hapa mjini alikuwa mchungaji aliyetoka Butembo kwa basi, na tangu siku ile tukaacha kushikana mikono mlangoni mwa kanisa. Mwaka uliofuata makanisa yakafungwa kwa sababu ya korona, kutoka Machi hadi katikati ya Agosti. Kisha mlima tena, usiku wa tarehe 22 Mei 2021. Siku tano baadaye ikatoka amri ya kuhama: wengine Sake, wengine Gisenyi, wengine wakapanda mitumbwi kwenda upande wa Minova. Kisha 2025. Kila mara tunasubiri watu warudi wenyewe, na asiyerudi tunasema amehamia kanisa lingine. Hatuendi kumtafuta.

Mwalimu alitusomea Kutoka 18, pale mkwe wa Musa anapomwambia achague wakuu wa elfu, wa mia, wa hamsini na wa kumi. Hakuna kati yetu asiyewahi kulisikia fungu lile likihubiriwa. Yeye aliuliza tu: mkuu wa kumi wa avenyu yako anaitwa nani? Kimya tena. Ndugu zetu Wakatoliki wana shirika zao za mitaani tangu zamani, yaani vikundi vidogo vya waumini majirani, na mtu akifiwa Jumanne, Jumanne hiyo hiyo watu wa shirika wako pale. Wengi wetu Waprotestanti tunakusanyika Jumapili na kuagana mpaka Jumapili.

Kazi ya nyumbani ilikuwa daftari. Kila kiongozi nyumba kumi, si zaidi. Unaandika jina la nyumba, idadi ya watu, nani mgonjwa au mjamzito, wangekimbilia wapi ikibidi, na namba ya simu ya jirani wao. Ya jirani, maana simu ya mwenyewe ndiyo ya kwanza kupotea siku ya mbio. Mwalimu alisisitiza sana jambo lingine, nami nalirudia kwa sababu ni la hatari: usiandike kabila, usiandike kazi ya mume, usiandike nani ana ndugu askari, na usipige picha ya ukurasa kuituma WhatsApp. Daftari la watu katika mji kama huu likianguka mikononi mwa asiyefaa linaweza kuua. Likae nyumbani kwako, na mtu mmoja tu ajue lilipo. Ushauri huo umetoka kwa mtu aliyeishi hapa.

Yule mama wa benchi la tatu nilimpata wiki ya tatu, Mugunga, kwenye nyumba ya mbao ambayo mlango wake ni turubai. Alitoka Masisi, akaishi kambi ya Bulengo, ndipo akaanza kusali kwetu. Kambi zilipovunjwa Februari 2025 alirudi kijijini, akakuta nyumba haina bati, akageuka na wajukuu watatu. Alinishika mikono miwili akasema, "Mama, nilidhani mlishanifuta." Sikuwa na la kujibu. Nilikaa juu ya bidoni la maji tukaimba wimbo mmoja, nikaandika namba ya simu ya jirani yake.

Jumamosi ya pili ilikuwa ya pesa. Hapa nina la kusema, kwa sababu mwalimu alituletea sanduku la bati lenye kufuli tatu kama jambo jipya. Funguo tatu kwa watu watatu wasiokaa nyumba moja, sanduku kwa mtu wa nne, na halifunguliwi mpaka wote wawepo. Wababa waliandika kwa bidii. Sisi mama sita tuliokuwa pale tulitazamana. Sanduku hilo ni la AVEC, vikundi vyetu vya akiba na mikopo! Mtindo wa vikundi vile ulianza Niger mwaka 1991, na hapa Goma kuna mama wasiojua kusoma ambao wanauendesha miaka na miaka bila kupoteza faranga moja. Niliinua mkono nikasema hivyo. Mwalimu, namheshimu kwa hili, aliniita mbele nionyeshe jinsi tunavyofanya: pesa inahesabiwa kwa sauti, kila mtu anaikariri jumla kichwani, na mkutano ujao unaanza kwa kuulizana jumla ile kabla sanduku halijafunguliwa. Mchungaji mmoja aliniuliza kwa nini hatujawahi kulileta hili kanisani. Nilimwambia ukweli, kwamba hatujawahi kuulizwa.

Somo la simu ndilo lililonigusa zaidi, kwa sababu ya yaliyotupata. Benki za mjini zilipofungwa mwaka 2025, kanisa letu, kama makanisa mengi, lilihamishia matoleo kwenye pesa ya simu. Laini ilikuwa kwa jina la mtu mmoja, simu ni yake, namba ya siri ni yake. Simu ikaporwa barabarani. Yule ndugu ni mwaminifu, na aliumia kuliko sisi wote, lakini ilichukua wiki nyingi kurudisha laini, na muda huo wote kuna watu walimnong'onea ubaya. Hatukuwa na ukurasa hata mmoja wa kumtetea. Semina inafundisha hivi: mmoja anashika simu, mwingine ndiye anayejua namba ya siri, wa tatu anaandika kila ujumbe wa pesa kwenye kitabu siku ile ile, pamoja na kile wakala anachokata. Jumapili jumla inasomwa mbele ya watu. Ni jambo dogo, na lingemwokoa ndugu yetu na machozi mengi.

Wakati wa chakula nilikaa na mama mmoja wa Majengo aliyeniambia kwamba kanisani kwao matoleo yanahesabiwa na pasta na mke wake, chumbani. Aliuliza atawezaje kurudi na habari ya kufuli tatu bila kuonekana mwasi. Tulilipeleka swali lake mbele mchana ule. Jibu la mwalimu lilikuwa zuri: anza na kikundi chako cha mama, fanya miezi mitatu, soma hesabu zenu kwa sauti kanisani, halafu subiri watu waulize wenyewe.

Kuhusu chakula chenyewe: bugali, sombe (kisamvu) na sambaza (samaki wadogo wa ziwani), kila Jumamosi, na kilitosha. Choo kisafi, maji ya kunawa yapo. Mvua ikinyesha juu ya bati hamsikii kitu, na siku umeme ulipokatika hakukuwa na kipaza sauti, tukapoteza karibu saa nzima.

Sasa yaliyoniuma.

Kijitabu mnachopewa ni kurasa 32 za Kifaransa. Mafunzo yote ni kwa Kiswahili, maombi kwa Kiswahili, kusanyiko ni la Kiswahili, halafu karatasi ya kupeleka nyumbani ni Kifaransa. Mkuu wa kumi wa avenyu yangu ni mama anayesoma Biblia yake ya Kiswahili kila asubuhi bila kujikwaa, na kijitabu kile hawezi kukitumia. Nimemtafsiria kurasa sita kwa mkono, usiku, kwa taa ya simu. Waliokiandika wana uwezo wa kuirekebisha kasoro hii, na wasipoirekebisha watakuwa wamefundisha wasomi peke yao.

Pili, mama sita kati ya watu 38. Jumamosi ni siku ya soko. Mimi nilipoteza mauzo ya Jumamosi nne, na kuna wenzangu ambao siku moja bila kuuza ni siku moja bila kupika. Walitusomea Matendo 6, jinsi mitume walivyowaambia wanafunzi wachague watu saba kwa sababu wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Wajane wetu nao walisahauliwa pale pale tulipokuwa tunalisoma fungu hilo. Kama wangefanya Jumapili mchana baada ya ibada, wangewapata.

Tatu, na hili ndilo lenye uzito: Jumamosi ya tatu ilipaswa kuwa ya migogoro, yaani kanisa linapogawanyika, pasta na wazee wasipopatana, au kiongozi anapokataa kutoka muda wake ukiisha. Walikuja wageni wa heshima kutoa hotuba, zikala asubuhi nzima, na somo likabaki na saa moja. Saa moja! Katika mji ambao karibu kila mmoja wetu amewahi kuona kanisa likivunjika na watu wa ukoo mmoja wakaacha kusalimiana. Tulichopata katika saa hiyo kilikuwa kizuri. Walitueleza sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, inayosimamia mashirika yasiyotafuta faida, pamoja na ya dini, na kwamba kanisa lina katiba na kanuni zake za ndani. Wangapi wetu tumewahi kuzishika mkononi? Mikono mitatu iliinuka. Hapo ndipo tungetaka kukaa siku nzima.

Na hakuna aliyezungumza juu ya uchovu wa kiongozi mwenyewe. Kuna wachungaji pale ambao mwaka mmoja wamezika watu wengi kuliko miaka kumi iliyotangulia. Niliwaona wakisinzia mchana, na sikuwalaumu.

Mkiamua kwenda, nendeni wawili kutoka kusanyiko moja, maana anayerudi peke yake na daftari anachekwa, na walio wawili wanasikilizwa. Bebeni nauli ya pikipiki ya kurudi kabla ya giza; wanamaliza saa kumi, na kutoka Katindo mpaka huku magharibi ya mji msichelewe njiani. Wakati wa kujiandikisha ombeni kijitabu cha Kiswahili, kila mmoja aombe, hata kama mnajua Kifaransa.

Kwetu tumeshanunua sanduku. Funguo ziko kwa mzee mmoja, kwangu, na kwa binti wa kwaya mwenye miaka 23 ambaye hesabu zake hazijawahi kukosea hata mara moja. Baraza lilisita juu yake kwa sababu ya umri, likajadili mpaka jioni, likakubali. Dola kumi za semina yake zimetoka kwenye matoleo na zimesomwa mbele ya kanisa. Jumatano nilimpeleka Katindo, akajiandikisha. Karani alimuuliza anataka kijitabu cha lugha gani.

Akajibu Kiswahili, na karani akaliandika.