Kilwa imo, Mswahili hamo: mapitio ya Civilization VI

Jambo la kwanza ambalo Civilization VI, gemu ya kompyuta ya kujenga taifa, humdai mchezaji ni maji. Mwaka ni 4000 kabla ya Kristo, ramani imefunikwa na ukungu, nawe una mlowezi mmoja na askari mmoja tu. Mlowezi akijenga mji kando ya mto au ziwa, mji huo utaanza na nafasi ya makazi 5, yaani kipimo cha watu unaoweza kuwabeba. Akiujenga ufukweni mwa bahari utapata 3. Akiujenga mahali pakavu utapata 2, na kosa hilo la siku ya kwanza litakufuata kwa karne nyingi. Mimi ni mkazi wa Dodoma, mji unaonyweshwa na visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora, na sijakutana na gemu nyingine iliyonifanya nihisi kwamba ninacheza mambo ya kwetu kwa kiasi hiki, ingawa walioitengeneza wako Marekani na naamini hawakuwa na Dodoma akilini hata kidogo.

Hili ni toleo la sita katika mfululizo ulioanzishwa na Sid Meier mwaka 1991. Lilitengenezwa na studio ya Firaxis, likatolewa Oktoba 2016, kisha likapata nyongeza mbili kubwa: Rise and Fall mwaka 2018 na Gathering Storm mwaka 2019. Mimi niliujua mfululizo huu kupitia toleo la nne, la mwaka 2005, nilipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma na kompyuta ikiwa ya kuazima. Wimbo wake wa ufunguzi ni Sala ya Bwana iliyoimbwa kwa Kiswahili, utunzi wa Christopher Tin, ambao mwaka 2011 uliipata tuzo ya Grammy, ukawa muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya gemu kupewa heshima hiyo. Mwenzangu wa chumbani, aliyekuwa akijisomea kitandani, aliinua kichwa akaniuliza kwaya ile ni ya usharika gani. Tangu wakati huo sijaachana na mfululizo huu, na usiku niliokesha na toleo la sita ni mwingi kuliko ninavyopenda mke wangu ajue.

Mchezo huchezwa kwa zamu, kama bao au drafti, kwa hiyo hauhitaji vidole vyepesi. Unahitaji mtu anayeweza kuutazama uwanja kwa muda mrefu kabla ya kugusa chochote. Katika matoleo yaliyotangulia mji ulikuwa kigae kimoja, yaani kipande kimoja cha ramani, ambamo ulirundika kila kitu, kuanzia ghala hadi chuo kikuu. Toleo la sita limeumwaga mji nje: chuo hukaa katika mtaa wa elimu, benki katika mtaa wa biashara, karakana katika mtaa wa viwanda, na kila mtaa hula kigae kizima ambacho kingeweza kuwa shamba. Mtaa wa elimu hunufaika kwa kila mlima unaopakana nao, wa biashara hupenda mto, na bandari hutaka kukaa karibu na kitovu cha mji. Mji mchanga unaruhusiwa mtaa mmoja; wa pili huja watu wakifika 4, wa tatu wakifika 7, wa nne wakifika 10. Juu ya hayo, gharama ya kujenga mtaa hupanda kadiri taifa linavyoelimika, lakini ukishauwekea alama ardhini, hata kama hutaumalizia leo wala kesho, gharama yake husimama pale pale. Mchezaji mzoefu kwa hiyo hupima viwanja vyote kwanza, akaweka mawe ya mipaka, ndipo akafikiria kujenga. Hapa ndipo gemu hii inapowazidi wenzake wote niliowahi kucheza, na kama kusingekuwa na sifa nyingine, hii peke yake ingetosha kunifanya niipendekeze.

Kuna kanuni moja iliyonichekesha kwa siku kadhaa. Kiongozi pekee anayeweza kuhamisha makao makuu kwa hiari yake ni Dido wa Wafoinike, aliyekuja na Gathering Storm, naye hufanya hivyo kwa kukamilisha mradi maalumu katika mji wenye bandari ya aina yake. TANU, chama tawala cha wakati huo, iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yatoke Dar es Salaam yaje Dodoma, na wimbi kubwa la kuhama kwa Serikali likaja kuonekana kuanzia 2016. Dido humaliza kazi hiyo kwa zamu chache, lakini kwa sharti lake la bandari, Dodoma isingekubaliwa hata kuomba.

Maarifa nayo hayaji kwa kukaa na kusubiri. Ukijenga mji pwani, elimu ya usafiri wa majini hupungua gharama kwa asilimia 40. Ukichimba machimbo ya mawe, uashi hukujia upesi. Taifa la bara linaweza kujifunza kuunda mashua, ila litajifunza polepole, kama inavyostahili.

Gathering Storm ndiyo nyongeza iliyoukamilisha mchezo, na ningemshauri mtu asiununue bila hiyo. Ndani yake ardhi yenyewe hucheza. Ukame hupunguza chakula kwa zamu kadhaa, na mji uliojengewa mfereji wa maji kutoka mlimani au mtoni huepuka hasara ambayo jirani yake ataipata. Mto hufurika, ukaharibu mashamba na hata kuua watu, lakini maji yakiondoka huacha rutuba inayoongeza chakula katika vigae vilevile. Wakulima wa mpunga wa Bahi, hapa mkoani Dodoma, hawatashangazwa na jambo hilo. Unaweza kujenga bwawa ili kuyazuia mafuriko, na hapo utalazimika kuamua kama unataka usalama au unataka tope, kwa kuwa bwawa linaloilinda mitaa hukupunguzia pia nafasi ya kupata rutuba mpya. Nimewahi kuchelewesha bwawa kwa makusudi, zamu 60 hivi, nikavuna kwa wingi, halafu mafuriko makubwa yakanifutia mtaa wa viwanda niliokuwa nimeupanga vizuri kuliko yote. Baadaye, viwanda vya makaa ya mawe vikishachafua hewa, bahari hupanda na kumeza vigae vya chini vya pwani, na wale uliowaonea wivu kwa bandari zao huanza kuhangaika na kuta za kuzuia maji.

Kwa mtu wa nyanda kame taifa la kulichezea ni Mali ya Mansa Musa. Miji yake hupata chakula na imani kwa kila kigae cha jangwa kinachopakana na kitovu cha mji, ilhali mataifa mengine hulikwepa jangwa kwa kadiri yawezavyo. Migodi yake hutoa dhahabu nyingi na kupoteza sehemu ya nguvu ya uzalishaji, na kazi ya kujenga majengo au kuunda majeshi hupungua kasi kwa asilimia 30. Maana yake ni kwamba Mali hajengi, Mali hununua. Misafara yake kwenda nchi za nje huongezewa dhahabu kwa kila kigae tambarare cha jangwa katika mji inakotokea, hivyo mji mkavu kuliko yote unaweza kuwa tajiri kuliko yote. Ni ufundi mzuri wa watengenezaji kuichukua historia ya mtawala aliyekwenda kuhiji mwaka 1324 akiwa na dhahabu ya kusimuliwa hadi leo, wakaigeuza kuwa kanuni ambayo mchezaji huihisi katika kila uamuzi wa kila zamu. Ramani ikinipa mvinyo karibu na jangwa hilo, naubadilisha jina mji unaohusika na kuuita Hombolo, kwa heshima ya zabibu zetu.

Sasa nije kwenye lalamiko langu kuu. Kilimanjaro umo katika mchezo huu kama mlima wa ajabu wa asili, nao hukiongezea kila kigae unachopakana nacho chakula 2. Zanzibar imo kama mji-dola, yaani mji mmoja unaojitawala nje ya mataifa yanayoshindana: ukiupelekea wajumbe wengi kuliko wapinzani wako, na wasiopungua watatu, unapata himaya juu yake, naye hukupa karafuu na mdalasini, bidhaa ambazo hazipatikani penginepo popote katika ramani, kila moja ikiwa na alama 6 za starehe. Kilwa Kisiwani imo miongoni mwa maajabu yanayojengwa kwa mikono, iliyoongezwa na Rise and Fall. Hujengwa kwenye ardhi tambarare ya pwani, hukupa wajumbe 3 mara inapokamilika, na kama una himaya juu ya mji-dola, mji wenye Kilwa huongeza kwa asilimia 15 mazao ya aina ambayo mji-dola huo unahusika nayo. Aliyeibuni kanuni hii alisoma. Utajiri wa Kilwa aliyoitembelea msafiri Ibn Battuta mwaka 1331 ulitokana na biashara iliyopitia mikononi mwake, hasa dhahabu ya Sofala, na mchezo unamlipa mwenye Kilwa kwa urafiki wake na miji mingine, si kwa migodi yake mwenyewe.

Lakini basi, mlima upo, karafuu ipo, magofu yapo, ila Mswahili mwenyewe hayupo. Kongo, Nubia, Wazulu, Mali na Ethiopia wana viongozi wanaokaa mezani. Pwani yetu imewekwa ramani nzima isipokuwa katika orodha ya wachezaji. Unaweza kuijenga Kilwa ukiwa Mwaustralia au Mnorwei, huwezi kuijenga ukiwa mtu wa Kilwa. Toleo la saba, lililotoka Februari 2025, limewapa nafasi majirani zetu wa Buganda, jambo ninalolipongeza bila kinyongo, au kwa kinyongo kidogo. Hata lugha ya menyu haina Kiswahili, kwa kampuni ambayo ilikwishaona Kiswahili kikiimbwa mpaka kwenye Grammy.

Upungufu mwingine ni wa kiufundi. Wapinzani wanaoendeshwa na kompyuta hawana akili ya vita. Kuna ngazi 8 za ugumu, na katika ngazi ya juu kabisa, inayoitwa Deity, kila mpinzani huanza na walowezi watatu dhidi ya mmoja wako. Ugumu huo ni wa kupewa mtaji mkubwa, wala si wa kucheza vizuri. Ukikivuka kipindi cha mwanzo salama, utamwona mpinzani mwenye jeshi kubwa akilizungusha mbele ya ukuta wako kama ng'ombe waliokosa mchungaji. Sehemu ya mwisho ya mchezo nayo huchosha: una miji 12, kila mmoja unauliza ufanye nini, na mshindi alikwishajulikana zamu 80 zilizopita. Ushindi wa kidini, wa kueneza dini yako kwa mataifa mengine, ndio unaochosha kuliko wote, kwa wingi wa wahubiri wa kusogeza mmoja mmoja.

Dawa ya wapinzani wasio na akili ni binadamu, na mchezo una namna ya kuchezwa na watu kadhaa kwa kubadilishana kompyuta moja, bila intaneti. Mdogo wangu huja Jumamosi jioni, tunaweka kompyuta kwenye meza ya sebuleni, na anayesubiri zamu yake hutoka nje kuangalia mkaa. Mwezi uliopita aliitumia nafasi hiyo kupeleka wajumbe Zanzibar kimya kimya; niliporudi kitini karafuu zangu zilikuwa zimekwenda, na miji yangu miwili ilikuwa imeanza kunung'unika.

Kuhusu vifaa, mahitaji ya chini yaliyotangazwa wakati wa kutolewa ni kumbukumbu ya GB 4, nafasi ya GB 12 na kadi ya picha ya GB 1, lakini ukiongeza nyongeza zote na ramani kubwa, GB 8 za kumbukumbu ndizo zitakazokupa amani. Mimi niliuziwa kompyuta mpakato katika duka moja hapa mjini kwa maelezo kwamba ina kadi ya picha ya peke yake; nilipoifungua nyumbani haikuwa nayo, na muuzaji akanijibu kwamba picha zinaonekana, sasa nataka kadi ya nini. Fungua mipangilio ya kompyuta ukiwa bado dukani, usome mwenyewe. Kupakua faili zote kwa bando kulinichukua siku tatu za usiku, lakini baada ya hapo mchezo huchezeka bila mtandao. Bei kamili wakati wa kutolewa ilikuwa dola 59.99, usiilipe. Katika maduka ya mtandaoni hushuka sana nyakati za punguzo, na Mei 2020 duka la Epic liliutoa bure kwa wiki nzima. Tafuta kifurushi chenye nyongeza zote mbili. Ukishausakinisha, ingia kwenye mipangilio na uuamuru ujihifadhi kila zamu, maana umeme haujali kwamba Kilwa yako imebakiza zamu mbili.