Programu ya dizaini ya kulipia kila mwezi: mi nalipa, ila logo nachorea kwenye ya bure

Nianze na jibu kabisa ili mwenye haraka aendelee na shughuli zake. Nalipia Adobe (kampuni ya programu za dizaini) kwa mwezi, ile miezi yenye kazi ya jarida, na logo zangu karibu zote nachora kwenye Inkscape, programu ya kuchora ambayo ni bure. Najua inasikika kama kichekesho.

Kazi zangu ni za kawaida tu, logo, kadi, mabango, na kuna jarida moja nalipanga kurasa. Kwenye logo sijaona ninachokosa nikiwa Inkscape, kalamu ipo, nodi (vile vidoto vya kuvuta mstari) zinavutika vizuri, ukimaliza unatoa SVG (faili la mchoro) au PDF unamtumia mteja, na mteja hana habari umechorea wapi wala hajali. Sasa mtu anafanya hizo tu, halafu kila mwezi anakatwa hela ya kifurushi kizima chenye programu za video na za sauti ambazo hajawahi hata kuzifungua, huyo mi namwambia aache, anachangia harambee ya matajiri.

Jarida ndo habari nyingine. Mhariri ananitumia faili la InDesign, programu ya Adobe ya kupanga kurasa, lina staili zake za aya, picha zimeunganishwa, napanga, namrudishia, anasahihisha, wa matangazo naye anaingia humo humo, linarudi tena kwangu, na hapo bado tarehe ya kiwandani inatukimbiza. Kazi ya hivyo huwezi kila mzunguko ukamwambia mtu nitolee faili la aina nyingine mi sina hiyo programu, watakuvumilia mara ya kwanza, ya pili wanatafuta dizaina mwingine. Kwahiyo ile hela nahesabu ni nauli ya kufika kwenye hiyo kazi, na kazi yenyewe inairudisha.

Kuna watu watakwambia mbona faili la AI (la Illustrator, programu ya Adobe ya kuchora) linafunguka hata kwenye programu za bure. Linafunguka ndio, ila angalia linafungukaje. Faili la AI kwa kawaida limebeba nakala ya PDF ndani yake, na hiyo PDF ndo programu nyingine inasoma. Kwa hiyo unapata mchoro, ila majina ya leya (tabaka za mchoro) yanaweza kupotea, aya moja unakuta imekatwa mstari mstari, kila mstari kipande chake, vivuli vimegeuka picha. Kama unataka tu kuchomoa logo humo inatosha kabisa. Kama unataka kuhariri broshua ya kurasa nane, pole.

Uchapishaji nao useme ukweli wake. Inkscape na GIMP (ya bure ya kuhariri picha) zimejengwa juu ya RGB, yaani rangi za skrini, na wachapaji wanataka CMYK, yaani wino nne za mashine. Tatizo lenyewe linaonekana kwenye vitu vidogo, mfano namba ya simu kwenye kadi: ule weusi wako wa RGB ukibadilishwa unaweza kugawanywa kwenye wino zote nne badala ya kutumia mweusi peke yake, karatasi ikisogea kidogo tu kwenye mashine herufi zinatoka na ukungu wa rangi pembeni. Mi huwa nachukua ile SVG naiingiza kwenye Scribus, programu ya kupanga kurasa, nayo ni bure, naweka maandishi yawe K (wino mweusi) 100 na zile nyingine sifuri, natoa PDF kutokea huko. Ni hatua ya ziada na mwanzoni inachosha, ila sio sababu ya kukata kadi ya benki.

Kitu ambacho watu hawasomi ni aina ya mkataba. Ule unaoitwa wa mwaka unaolipwa kwa mwezi unaonekana wa bei nafuu, kumbe umesaini mwaka mzima, na ukijitoa siku 14 zikishapita unadaiwa hadi nusu ya miezi iliyobaki. Jambo hili hili ndo lilifanya FTC, tume ya Marekani inayolinda wateja, kuishtaki Adobe mwezi Juni 2024 kwamba hiyo ada imefichwa, wenyewe wakapinga. Upo pia wa mwezi kwa mwezi, bei kubwa zaidi kwa kila mwezi lakini unatoka unapotaka. Mi niko huo, na naulipia ile miezi ya jarida tu, mingine nazima. Nikipiga hesabu ya mwaka naona nimelipa pungufu.

Kabla sijazima lazima nitoe IDML (nakala ya faili la InDesign ambayo programu nyingine zinaweza kuisoma) na PDF za kila toleo nihifadhi kwangu, maana kulipa kukiisha lile faili la InDesign unaliangalia tu kwenye folda. Na hata ukiwa unalipa usijione uko salama sana, mwaka 2022 rangi za Pantone (rangi za uchapaji zenye namba maalum) ziliondolewa kwenye Photoshop, ya Adobe ya kuhariri picha, faili za zamani zikawa zinafunguka sehemu hizo zikiwa nyeusi mpaka ulipie leseni nyingine pembeni. Yani unalipia kodi ya nyumba na bado wanakuja kubeba milango.

Anayeanza leo ningemwambia ajaribu Affinity, programu nyingine ya dizaini. Zamani ulikuwa unanunua mara moja basi, kampuni ya Canva wakainunua 2024, na Oktoba 2025 wakaiunganisha ikawa programu moja na wakaitoa bure, unahitaji akaunti yao tu, vitu vya akili bandia ndo unalipia. CMYK inaijua vizuri, PSD (faili la Photoshop) na IDML inafungua. INDD, lile faili lenyewe la InDesign, haifungui, kwa hiyo mimi hainitoi kwa wale wa jarida. Na bure ya kampuni ni bure ya siku hizi, keshokutwa hatujui, kwa hiyo huko nako kila kazi nikimaliza natoa PDF na SVG naweka pembeni.

Siku jarida wakihamia programu nyingine, na mimi nafuta siku hiyo hiyo.