Kozi ya udereva wa kujihami Dar: uzoefu wangu baada ya kulipa kwa pesa yangu

Nianze na bei, maana ndiyo mtakayouliza kwanza. Nililipa laki tatu na nusu, chai na chakula cha mchana humo humo, mazoezi kwa gari lao. Jina la chuo silitaji kwa sababu nina malalamiko nacho na sitaki maneno. Leseni ninayo tangu zamani na kazi inanipeleka Iringa mara kwa mara, kwa hiyo sikwenda kujifunza kukanyaga klachi. Nilitaka kujua hawa watu wanaojiita walimu wa kujihami wana nini ambacho barabara ya Morogoro haijanifundisha.

Asubuhi ya kwanza ni darasani, na kusema kweli inachosha. Alama za barabarani, mwendo wa kilomita hamsini kwa saa kwenye makazi ya watu, themanini kwa malori na mabasi, kisha picha za ajali nyingi kupita kiasi. Sidhani kama picha hizo zinamfundisha mtu. Anashtuka, anasema Mungu atuepushe, anarudi kwenye chapati yake. Kilichonifaa siku ile ni tairi. Ubavuni mwa tairi kuna herufi DOT, na mwisho wa maandishi hayo kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mwalimu alitutoa nje kila mtu akasome za gari lake. Dada mmoja mwenye IST akakuta tairi alizouziwa kama mpya zina umri mkubwa kuliko leseni yake. Kashata, yaani yale meno ya tairi, zilikuwa bado nzima kabisa, ndiyo maana hakushtuka alipozinunua. Mpira unazeeka hata ukiwa stoo.

Utamu ulianza barabarani. Tulitoka Ubungo kuelekea Kibaha na zoezi lilikuwa kusema. Unashika usukani na unataja kwa sauti kila unachokiona na utakachokifanya. "Daladala imesimama, naangalia chini yake, kuna miguu, napunguza. Bodaboda kwenye saidi mira ya kushoto. Mama mwenye ndoo anatazama ng'ambo, huyu atavuka." Mzee mmoja aliyeendesha malori miaka mingi aliona ni mambo ya kitoto, akakaa kimya. Mwalimu akamwambia kwa upole, "Mzee wangu, ukinyamaza mimi najua hauko hapa, uko nyumbani." Na ni kweli. Mdomo hauwezi kutaja kitu ambacho jicho halijakiokota, kwa hiyo macho yanalazimika kwenda mbali, yarudi kwenye vioo, yaende tena. Simu ikiita mfukoni, wewe mwenyewe unasikia maneno yanavyokatika. Mpaka leo nikiwa peke yangu Kimara jioni nasema. Abiria wa gari la pembeni wanitazame tu.

Kisha lile suala la nafasi, ambalo kila dereva wa Dar analipinga, na mimi nililipinga. Gari la mbele likipita nguzo, unahesabu mia moja na moja, mia moja na mbili, mia moja na tatu. Ukiifikia nguzo kabla hujamaliza, uko karibu mno. Kwa mwendo wa 80 gari linakula kama mita 22 kwa sekunde, kwa hiyo tunazungumzia mita zaidi ya sitini. Nikamwambia mwalimu, ukiacha mita sitini hapa bajaji tatu zitachomekea. Akajibu, "Ziache. Kila anayeingia, rudi nyuma kidogo utengeneze nyingine. Wakikuingilia kumi umechelewa nusu dakika." Nimelipigia hesabu jibu hilo mara nyingi nikilitafutia kosa. Sijaliona. Tunachogombania pale mbele ni heshima, muda haumo.

Baada ya Kibaha, barabara ikibana kuwa njia moja kwenda na moja kurudi, ndipo tulipofundishwa kuovateki, na hapa ndipo nilipoona laki tatu na nusu yangu imerudi. Mwalimu aliegesha gari Mlandizi akaandika kwenye karatasi. Semi-treila inakwenda 80, wewe unakwenda 100. Unamzidi mita tano na nusu tu kila sekunde. Ukijumlisha urefu wake na nafasi ya nyuma na ya mbele, unatakiwa kumzidi kwa mita kama sitini, yaani sekunde kumi na moja hivi. Katika sekunde hizo wewe umekwenda mita 300, na anayekuja mbele kwa mwendo kama wako naye amekwenda 300. Unahitaji mita 600 zilizo wazi kabla hujatoka kwenye mstari wako. Watu wanatoka na 200.

Na indiketa za malori? Wote tunajua: akiwasha kulia anakwambia kuna gari linakuja, akiwasha kushoto pita. Mwalimu alisema kulia iamini siku zote, hata kama maana yake ni kwamba yeye mwenyewe anataka kukunja. Kushoto ichukue kama habari tu, kwa sababu yule dereva hajui gari lako lina nguvu kiasi gani wala wewe ni mzito kiasi gani kuamua. Mzee wa malori aliitikia kwa kichwa muda mrefu.

Malalamiko sasa. Tulipangwa wanne kwa gari moja, kwa hiyo muda mwingi unakuwa abiria wa wenzako. Unajifunza kwa kuwasikiliza, sikatai, lakini mkono haufundwi kwa masikio. Ulizeni idadi kabla ya kulipa, zaidi ya wawili bei hiyo ni kubwa. Pili, usiku hawakuugusa kabisa. Kozi inayoacha taa za fulu machoni, lori bovu lenye matawi tu barabarani, na punda wa Chalinze, hiyo ni nusu kozi. Tatu, cheti kinaandikwa kwa mbwembwe nyingi mno. Trafiki niliyemwonyesha kwa utani alicheka, akaomba leseni.

Safari ya kwanza ya Iringa baada ya hapo, ndani ya Mikumi nilikuwa natazama nyasi za pembeni zaidi ya lami. Wakati wa kurudi, Kitonga niliishuka kwa gia ya chini, bila kulala juu ya breki kama zamani. Wengi wetu wenye gari la otomatiki hatujawahi kugusa zile gia za chini, namba 2 wala L, tangu tulinunue. Ziguseni. Nyuma ya lori lililokuwa linanuka breki za kuungua, zangu zilikuwa baridi.

Nilikuwa karibu kusahau uwanja wa koni, zoezi la breki za ghafla. Kwenye gari lenye ABS, ule mfumo unaozuia tairi kukaza ukifunga breki, unakanyaga mpaka mwisho na unakaa hapo hapo huku ukikwepa kwa usukani. Pedali itatetemeka mguuni, wengi wanashtuka wanaachia, na hapo ndipo wanapogonga koni. Gari lao la mazoezi lina ABS. Kama pikapu yako ni ya zamani na haina, nenda nayo mwenyewe siku hiyo na uwaambie mapema, maana hiyo tairi zikikaza inabidi uachie kidogo ndipo usukani ukusikie, na hilo hutaliweza kwa kuambiwa.